KUNGOJEA SIYO KUSAHAULIWA: Somo juu ya rufaa ya hospitali kubwa na haki za mgonjwa



Somo letu la leo ni juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi. Mgonjwa ameandikiwa kwenda hospitali kubwa, lakini majuma yanapita, miezi inapita, na zamu yake haifiki. Wengine husema: "Wametusahau kwa kuwa sisi ni wakimbizi." Wengine hukata tamaa, wanatupa karatasi na kubaki nyumbani. Wengine huuza posho yao ili kumlipa mtu anayejidai kwamba atawapitisha mbele. Na wengine, hao ndio wanaotuumiza zaidi, huendelea kungojea kimya wakati ugonjwa umekwisha kugeuka kuwa wa hatari, kwa sababu tu siku moja waliambiwa "ngoja".

Baada ya somo hili kila mmoja ajue mambo matatu: yuko katika foleni gani, aulize nini kabla ya kuondoka mbele ya daktari, na ni wakati gani hapaswi kungojea tena.

1. NJIA YA MGONJWA

Nchini Malawi matibabu ya serikali yamepangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni kituo cha afya. Kwetu ni kituo cha afya cha Dzaleka, kilicho chini ya Wizara ya Afya, nacho kinatutumikia sisi pamoja na Wamalawi wa vijiji vya jirani. Ngazi ya pili ni hospitali ya wilaya, yaani Dowa. Ngazi ya tatu ni hospitali ya Kamuzu Central iliyoko Lilongwe, iliyofunguliwa mwaka 1977. Hiyo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka wilaya zote za mkoa wa kati. Huko ndiko waliko madaktari bingwa: wa upasuaji, wa macho, wa watoto, wa magonjwa ya wanawake na wengine.

Mgonjwa hapandi ngazi hizi kwa kujichagulia. Anayemwona kwanza ndiye humwandikia barua ya rufaa, ile ambayo wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa huiita transfere. Barua hiyo humweleza daktari wa mbele mgonjwa ana nini, amepimwa nini na amepewa dawa gani. Anayekwenda Lilongwe bila barua anaweza kurudishwa kwenye ngazi aliyoiruka, na nauli yake imepotea.

2. KWA NINI TUNANGOJA SANA

Sababu ya kwanza ni wingi wa watu. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Mwaka 2023 tulikuwa tumepita 50,000. Hospitali ya Kamuzu Central nayo inahudumia mamilioni ya watu, siyo sisi tu.

Sababu ya pili ni uchache wa mabingwa. Daktari yule yule ana siku ya kuona wagonjwa wa nje, siku ya kupasua na siku ya kuzungukia vitanda. Kama kliniki ya ugonjwa wako ni siku moja kwa juma na umeikosa, unangoja juma zima.

Sababu ya tatu ni dharura. Chumba cha upasuaji kikipangiwa watu sita wa ngiri, kisha usiku waletwe mama aliyeshindwa kujifungua na watu wa ajali ya barabarani, hao ndio hupasuliwa kwanza. Wale sita wanarudishwa nyuma. Hakuna aliyewadharau. Siku ukiwa wewe katika ile ajali, utafurahi kwamba mpango ni huo.

Sababu ya nne ni vifaa. Daktari anaweza kuwapo lakini damu ya kuongezea haipo, mashine imeharibika au kitanda hakuna.

Tuelewe basi jambo moja. Mwanakijiji wa Dowa mwenye ngiri naye anangoja, pengine katika foleni ile ile pamoja nasi. Kungojea peke yake siyo alama ya ubaguzi. Lakini mtu akikwambia wazi: "Wewe ni mkimbizi, kaa nyuma ya wote," huo ni ubaguzi, nao una njia yake ya kushughulikiwa. Tutaieleza mbele.

3. FOLENI NI TATU, SIYO MOJA

Sokoni au kwenye bomba la maji aliyetangulia kufika ndiye anatangulia kuhudumiwa. Hospitali haiendi hivyo. Huko hutangulia yule ambaye akicheleweshwa atakufa au atapata kilema. Kwa hiyo kuna foleni tatu:

(a) Foleni ya dharura. Huyu huhudumiwa saa hiyo hiyo, mchana au usiku. Hangoji kamati wala siku ya kliniki.

(b) Foleni ya upesi. Huyu anaweza kulala nyumbani leo, lakini haifai miezi ipite. Mfano ni mama mwenye uvimbe katika titi. Uvimbe hauumi, kwa hiyo yeye mwenyewe hana haraka. Lakini ikiwa ni kansa, kila mwezi unaopita unapunguza nafasi ya kupona. Mfano mwingine ni mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda. Akianza kufungwa plasta katika majuma ya kwanza ya maisha yake, mara nyingi mguu hunyooka bila upasuaji mkubwa. Akiletwa ana miaka mitano, kazi ni ngumu zaidi.

(c) Foleni ya kupangiwa. Huyu ana ugonjwa unaomsumbua lakini hauhatarishi maisha yake kwa sasa. Mfano ni mzee mwenye mtoto wa jicho, au mtu mwenye ngiri inayorudi ndani akilala. Hapa ndipo miezi hupita.

Mgonjwa mwenye haki zake anauliza: "Mimi niko katika foleni gani kati ya hizi?" Swali hili ni la maana kuliko kuuliza "Niko namba ngapi?"

4. USINGOJEE UKIONA HAYA

Mtu aliye katika foleni ya tatu anaweza kuhamia ya kwanza kwa usiku mmoja. Daktari wa Lilongwe hawezi kulijua hilo. Unalijua wewe na watu wa nyumba yako. Rudi kituoni mara moja, hata kama tarehe yako haijafika, ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- Ngiri imekuwa ngumu, inauma sana, hairudi ndani, na mgonjwa anatapika. Utumbo umebanwa. Hii inaua isipopasuliwa upesi.
- Jicho limekuwa jekundu lenye maumivu makali, au limeacha kuona ghafla.
- Mama mjamzito anatoka damu, ana degedege, au anaumwa kichwa sana na kuona ukungu.
- Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, anapumua mbio huku kifua kikiingia ndani, au amelegea hazinduki.
- Mtu yeyote amezimia, anatoka damu isiyokatika, au anapumua kwa shida.
- Mgonjwa wa uvimbe ambao sasa umeongezeka upesi, umepasuka au unatoa usaha na damu.

Ukifika usikae kimya mwisho wa benchi. Mwambie muuguzi: "Mgonjwa huyu ana rufaa, lakini hali yake imebadilika tangu jana." Maneno hayo, hali imebadilika, ndiyo yanayomfanya mhudumu ampime upya. Kusema tu "Tumengoja sana" hakumwonyeshi hatari iliyopo.

5. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUINUKA KITINI

Wengi wetu tunamheshimu daktari mpaka tunaogopa kumuuliza. Tunaitikia "ndiyo", tunatoka, kisha tunamuuliza jirani mlangoni: "Amesema nini?" Kuuliza kwa adabu siyo kukosa heshima. Tazameni mfano huu wa mama aliyekwenda pamoja na mkalimani wake:

Daktari: Mama, utarudi tutakuita.
Mama: Asante, Dokta. Naomba unifahamishe kidogo. Ugonjwa wangu unaitwaje?
Daktari: Una uvimbe katika mfuko wa uzazi. Siyo kansa, lakini unakutoa damu nyingi.
Mama: Je, naweza kungojea bila hatari?
Daktari: Ndiyo, ukimeza hizi dawa za damu.
Mama: Nirudi tarehe gani? Na nisipoitwa, nimuulize nani?
Daktari: Rudi kliniki ya Jumanne, juma la pili la mwezi ujao. Muulize muuguzi wa kliniki.
Mama: Tafadhali Dokta, niandikie hayo katika kitabu changu.

Mama huyu hakubishana na mtu. Ameuliza mambo manne tu: jina la ugonjwa, kama kungojea ni salama, tarehe, na mtu wa kuuliza. Sasa anarudi nyumbani na kitu mkononi. Neno "tutakuita" lisilo na tarehe ndilo linalopoteza wagonjwa wengi, maana simu hubadilishwa, hupotea au huzimika. Ukiambiwa "tutakuita", omba pia siku ya mwisho: "Nisipoitwa kufikia siku gani, nije mwenyewe?"

6. HAKI ZA MGONJWA

Haki hizi hazikutungwa kwa ajili ya wakimbizi peke yao. Chama cha Madaktari cha Ulimwengu kilizitangaza mjini Lisbon mwaka 1981. Katiba ya Malawi ya mwaka 1994, katika kifungu cha 30, inataka watu wote wawe na nafasi sawa ya kupata huduma za afya. Kwa maneno mepesi:

(a) Haki ya kutibiwa bila ubaguzi. Kabila, taifa, dini au kuwa mkimbizi haviwezi kumrudisha mtu nyuma. Kinachopanga foleni ni ugonjwa.

(b) Haki ya kujua. Uambiwe ugonjwa wako, matibabu yaliyopo, faida na hatari zake, kwa lugha unayoielewa. Kama kuna kungojea, uambiwe sababu.

(c) Haki ya kukubali au kukataa. Kabla ya operesheni utaombwa kutia sahihi au kidole. Usitie kidole kwenye karatasi ambayo hukusomewa. Ukikataa operesheni, bado unayo haki ya kutibiwa kwa njia nyingine zilizopo.

(d) Haki ya siri. Ugonjwa wako siyo habari ya mtaa. Mkalimani, dereva, hata sisi wahamasishaji wa jamii, tunafungwa na siri hiyo.

(e) Haki ya maoni ya daktari mwingine. Unaweza kuomba mganga mwingine atazame pia.

(f) Haki ya kutulizwa maumivu. Hata kama ugonjwa hauponyeki, mgonjwa hapaswi kuachwa aumie.

7. WAJIBU WA MGONJWA NA NYUMBA YAKE

Haki inakwenda pamoja na wajibu. Tunaomba yafuatayo:

- Tunza kitabu chako cha afya. Hapa Malawi historia yote ya mgonjwa iko katika kile kitabu kidogo anachobeba mwenyewe. Kikipotea, vipimo vinaanza upya. Kitie katika plastiki, mbali na mvua na watoto.
- Weka pamoja barua ya rufaa, picha za eksirei, majibu ya maabara na kitambulisho cha mkimbizi.
- Ukibadilisha simu au nyumba, nenda kituoni uwaambie.
- Tayarisha mtu wa kumwuguza, yule tunayemwita gadimalade na Wamalawi humwita gadiyani. Ndiye anayepika, anayefua na kumwogesha mgonjwa. Mtu akikosa kwenda siku yake kwa sababu watoto hawana wa kuwaangalia, nafasi hiyo inampita. Panga mapema na majirani.
- Usipoweza kwenda, peleka habari kabla ya siku. Nafasi yako itamsaidia mwingine, nawe utapangiwa tena.
- Mwambie daktari ukweli juu ya dawa za kienyeji ulizotumia. Hatakukamata. Anahitaji kujua zisije zikagongana na dawa zake.

8. KAMATI, NA JIBU LA "HAPANA"

Matibabu mengi yanapatikana katika hospitali za serikali kwa utaratibu wa kawaida. Lakini kuna matibabu yanayohitaji fedha nyingi, kama vipimo au upasuaji usiopatikana huko. Kwa hayo HCR ina mwongozo wa rufaa uliotolewa mwaka 2009. Unasema kwamba maombi ya namna hiyo yatazamwe na kamati ya watu wa afya. Kamati huangalia kwanza kama mgonjwa ana matumaini mazuri ya kupona kwa matibabu hayo, kisha gharama. Jina la mgonjwa halisomwi mbele ya wanakamati, ili asipendelewe mtu wala kuonewa. Mgonjwa wa dharura hangojei kamati ikutane.

Tuseme wazi: kamati inaweza kusema hapana. Fedha za misaada hazitoshi, na mwaka 2025 zilipungua sana duniani pote. Fedha zinazolipia ugonjwa mmoja usio na matumaini ya kupona zingeweza kuokoa akina mama wengi wanaopasuliwa wakati wa kujifungua. Hili ni neno gumu kwa mzazi aliyebeba mtoto mgonjwa, na hatumwombi alifurahie.

Lakini hata hapo mgonjwa ana haki. Aambiwe jibu, asiachwe akingoja kitu ambacho hakitakuja. Aelezwe sababu. Aulize: "Hali ikibadilika, au matibabu yakipatikana nchini, maombi yanaweza kutazamwa tena?" Na aendelee kupewa dawa za maumivu na uangalizi kituoni. Jibu la "hapana" la kamati halifungi mlango wa kituo cha afya.

Tena, siyo kila ugonjwa mgumu unahitaji kamati. Mama anayevuja mkojo baada ya uzazi mgumu ana fistula. Katika hospitali ya Bwaila, Lilongwe, kipo kituo kinachotibu fistula bila malipo. Mama wa namna hiyo asijifiche nyumbani kwa aibu. Aje kituoni aandikiwe.

9. UKIONEWA, AU UKIOMBWA PESA

Nafasi katika foleni haiuzwi. Anayekuomba pesa ili "jina lipande juu" ni mwizi, awe mfanyakazi, mkalimani au mkimbizi mwenzetu. Mara nyingi hana uwezo wowote juu ya orodha. Jina likiitwa kwa zamu yake ya kawaida, yeye atasema ni kazi yake. Usilipe. Pia usisahau kwamba anayenunua nafasi anamrudisha nyuma mtu mwenye ugonjwa mkali kuliko wake.

Njia ya kupeleka malalamiko ni hii:

Kwanza, zungumza na muuguzi mkuu au mkuu wa kituo. Mambo mengi huishia hapo.
Pili, kama ni hospitali, ulizia ofisi ya Ombudsman wa hospitali, afisa wa kupokea malalamiko ya wagonjwa.
Tatu, peleka habari kwa HCR au kwa shirika linalohusika na ulinzi wa wakimbizi kambini. Kiongozi wa zoni yako au mhamasishaji wa jamii anaweza kukusindikiza.

Andika au uandikiwe: tarehe, saa, mahali, nini kilisemwa, nani alikuwapo. Lalamiko lenye tarehe husikilizwa. Lile la "wanatutesa kila siku" ni vigumu kulifuatilia. Na kulalamika kwa njia ya haki siyo sababu ya kunyimwa matibabu.

10. MANENO MACHACHE YA KICHEWA

Omba mkalimani mtu mzima. Usimtumie mtoto wako, kwa maana kuna maneno ambayo mama hawezi kuyasema kinywani mwa mtoto. Kama mkalimani hayupo, haya yatakusaidia:

Sindikumva Chichewa: Sielewi Kichewa.
Ndikumva kupweteka apa: Nasikia maumivu hapa.
Ndibwerenso liti?: Nirudi tena lini?
Mubwerenso mawa: Rudi tena kesho.
Palibe mankhwala: Hakuna dawa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Mzee ana ngiri na tarehe yake ni mwezi ujao. Usiku huu ngiri imekuwa ngumu na anatapika. Wana wake wafanye nini, na waseme nini wakifika kituoni?
2. Mama ameambiwa "tutakuita". Aulize nini kabla ya kutoka?
3. Jirani anasema anamjua mtu wa kupandisha majina kwa pesa kidogo. Tumjibu nini?
4. Katika zoni yetu, nani yuko peke yake na ana rufaa? Nani atakuwa gadimalade wake, na nani atabaki na watoto?

Swali la nne lisiishie katika maneno. Kabla kikundi hakijatawanyika, majina ya watakaosaidia yajulikane, na mgonjwa mwenyewe akubali. Mwenye kusoma amsomee asiyejua kusoma, kisha karatasi hii ipelekwe nyumba ya pili.